Daraja la Watu wa Miguu

Pascaline alikuwa katikati ya mto Ntahangwa, baiskeli begani, maji magotini, Saliha alipomwita kutoka ukingoni.

“Dada, samahani. Unatokea wapi?”

Pascaline hakujibu mpaka alipotua baiskeli mchangani. Mwaka ule wa vita, 1995, swali hilo waliliuliza wenye bunduki.

“We ni nani?”

“Mi Saliha wa Buyenzi, mke wa Hamissi, fundi cherehani. Wanataka kujenga daraja la watu wa miguu na baiskeli. Lazima wajue kwanza ni watu gani watapita, na wapi.”

“Kweli?”

“Wallahi.”

Basi Pascaline akasema. Daraja kubwa watu walikuwa wanaliogopa, kwa sababu pale wanaume walikuwa wanateremshwa garini na wanajeshi, na hawarudi. Yeye alipita hapa na mboga zake za lengalenga. Mume wake, Méthode, alivukia chini, penye mianzi, akienda dukani mtaa wa Asiatique. Wengine, walipomwona Pascaline anazungumza, nao wakasimama, wakaeleza njia zao.

Injinia Faruk, aliyemtuma Saliha kuuliza, alifurahi. Akachora majibu yao juu ya ramani, mstari mnene penye watu wengi.

“Ona, Saliha. Sasa tunaweza kukadiria. Daraja litakaa hapa, penye mianzi.”

Wakaja wanajeshi, si mafundi. Wakakaa penye mianzi, wakakaa na kwenye vivuko vingine vyote vya watu. Asubuhi ya kwanza walimchukua Méthode na wenzake. Hakuna aliyeambiwa wamepelekwa wapi.

Saliha akaenda ofisini mbio, mtandio umemwanguka mabegani.

“Injinia, uliwapa ramani?”

“Waliiomba.”

“Uliniambia daraja!”

“Daraja liko kwenye plani. Usalama kwanza, mama. Hata wao wanataka kujua watu watapita wapi.” Akamsogezea kiti. “Tena tunaanza upande wa Kanyosha. Tutakuhitaji. Watu wanakuamini.”

Saliha hakukaa. Akateremka mpaka mtoni amtafute Pascaline, bila kujua atamwambia nini.

Watu walikuwa wamepanga mstari kwenye tope, vitambulisho mkononi, mbele ya kamba iliyofungwa kati ya mianzi. Pascaline alikuwa kati yao, bila baiskeli. Askari mmoja akamtambua Saliha. Akatabasamu, akainua kamba.

“Mama wa projet ya daraja! We apana ngoja. Pita.”

Mstari mzima ukageuka. Saliha hakupita, wala hakurudi nyuma. Askari akabaki ameishikilia kamba juu, akimngoja.