Bluu ya Baba Mkwe

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Vijana wa Tukuyu mjini wanaicheka mila hiyo. Mimi niko Ikuti, naishi nayo.

Mimi ni mpimaji katika kituo cha kukusanyia maziwa. Leo mama mkwe anaumwa, baba mkwe kaleta maziwa mwenyewe. Sampuli yake niliipokea kwa mkono wa Simon, msimamizi wa tangi, nikaitia methilini bluu na kuiweka kwenye maji ya vuguvugu. Molekuli ya rangi hiyo ina pete ya atomi yenye naitrojeni, nayo hubaki bluu penye oksijeni. Bakteria wakiwa wengi wanaimaliza oksijeni, bluu inapotea. Maziwa ya wengine yalikuwa bado bluu, yake yameshakuwa meupe pepepe.

Simon akatoka kumweleza mzee kuwa hayafai. Mzee akaingia ndani pamoja naye! Nikarukia nyuma ya kabati. Chumba chetu cha tangi na vipimo kina mlango mmoja tu.

Akaichukua chupa, akaitikisa kwa nguvu. "Gwe Simon, ona! Langi imerudi."

Ilirudi kweli. Hasira zilinipanda. Ameingiza hewa tu, oksijeni imeioksidisha rangi ikawa bluu tena, lakini maziwa ni mabovu vilevile! Nikamnong'oneza Simon, naye akasema, "Mzee, mpimaji anasema hiyo ni hewa."

"Aliyepima atoke aniambie mwenyewe."

Alijua siwezi. Mzee huyu, anayejiita mlinzi wa mila, alikuwa amenifungia ndani ya mila ileile. Wafugaji nje wakapiga kelele kwamba wanacheleweshwa. Simon, bendera fuata upepo, akainua ndoo ya mzee kuelekea tangini. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na tangini mlikuwa na maziwa ya kijiji kizima.

Nikatoka. Nikamtazama machoni.

"Baba, maziwa yako hayamwagwi humu."

Simon akaitua ndoo. Mzee akajifunika uso kwa koti, akageuka akimbie, lakini watu walikuwa wameshajazana mlangoni kunishangaa mimi niliyevunja mwiko. Hakuna aliyempisha. Mimi nikaugeukia ukuta, yeye akaugeukia wake, na aibu ikatubana wote wawili humo ndani.

"Mwambieni," akasema mzee kwa sauti ndogo, "mwambieni mpimaji awatoe hapo mlangoni, anifungulie njia."