Beji ya Dismasi

...na kidevu juu, amesema binti wa eksirei, kidevu hapo juu ya ukingo, mikono kiunoni, viwiko mbele, kifua kigandamane na bamba, nami nimevifanya vyote kwa utiifu wa mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikagua jinsi wengine wanavyovifanya, bamba ni baridi, nakadiria nyuzi ishirini na mbili, kifua changu thelathini na saba, tofauti kumi na tano, nayo itapungua kadiri ninavyoendelea kusimama, na nitaendelea kusimama, kwa sababu umeme umekatika papo hapo aliposema vuta pumzi, nikavuta, nikaishikilia gizani mpaka nikasikia kicheko chake nyuma ya ukuta, "Pumua, Mzee wangu, pumua! Umeme umetukimbia. Lakini usisogee, nimeshakupanga vizuri, Mwinshehe anakwenda kuwasha jenereta", na sauti nyingine, ya mwenzake Shadia aliyehamishiwa hapa juzi kutoka Tanga, ikajibu kwamba Mwinshehe yuko sokoni Mwanga na ufunguo wa jenereta uko mfukoni mwake, wakacheka wote wawili, nami nikatabasamu mbele ya ukuta, tabasamu lisilo na wa kuliona... nina miaka sabini na mmoja, kikohozi kina wiki saba, marehemu mke wangu Restituta angenileta wiki ya pili, hakuwa mtu wa kungoja takwimu, sasa hivi angekuwa kwenye benchi huko nje amelikunja shati langu mapajani, badala yake shati liko kwenye msumari, vifungo sita, cha nne kimelegea tangu Pasaka, na yule binti alipokuwa akijaza fomu aliniamkia vizuri, kwa Kiswahili na kwa Kiha, "Shikamoo Mzee, mwakeye, umekuja na nani?", nikamwambia nimekuja na bajaji kutoka Gungu, akacheka sana, akadhani natania, nikamwachia adhani hivyo, kisha akanishika mabega yote mawili kunisogeza kwenye bamba, mikono yenye joto, nikajaribu kukumbuka aliyenigusa kabla yake, nikarudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka nikafika kwenye mikono ya rambirambi, nikaacha kuhesabu... taa nyekundu juu ya mlango haiwaki, niliiona nilipokuwa naingia, kabla umeme haujakatika, na mlango wenyewe unaacha upenyo wa kidole kimoja chini, ndiyo unaonipa huu ukanda wa mwanga sakafuni, zamani ningeandika, kasoro ya kwanza, kasoro ya pili, marekebisho ndani ya siku thelathini, leo mimi si mkaguzi wa usalama wa mionzi, mimi ni mgonjwa namba kumi na nne, na mgonjwa ndiye mtu pekee anayebaki chumbani wengine wote wanapokwenda nyuma ya ukuta, jambo nililolijua kwa kanuni miaka yote lakini sikuwahi kulijua kwa mgongo... huko nje mtoto analia, kilio cha kukauka, cha mtoto mwenye kichomi, nakifahamu, na jina lake liko kwenye koti, jina la binti huyu, Evaline Dismasi, nilipolisoma nilijiambia akina Dismasi ni wengi, Kigoma nzima wako mia mbili, pengine mia tatu, hesabu ikanipa nafuu kwa dakika moja hivi, mpaka alipopima umbali kwa macho huku ameuma mdomo wa chini upande wa kushoto, na nafuu ikaisha, kwa sababu mtu mmoja tu nilimwona akipima hivyo, na nilimwona kwa siku mbili tu, miaka kumi na tisa iliyopita...

"Dada Eva, huyu mtoto anayefuata hatulii hata kwa pipi", Shadia huyo, "Si mama yake atamshika?", "Mama yake mjamzito, tumbo lile pale, miezi saba", "Basi nitamshika mwenyewe, nipe aproni ya risasi", lile vazi zito la kuzuia mionzi, "Na beji yako? Naiona hapa mezani tangu asubuhi", na hapo nikaacha kupumua bila kuamriwa, maana beji si pambo, ni kile kipande cha plastiki kinachobanwa kifuani mwa mtumishi wa mionzi ili kihesabu kila anachokipokea, na kila miezi mitatu kinapelekwa maabara Arusha kusomwa, mimi ndiye niliyekuwa nikiyasoma majibu ya kanda hii yote, "Hapo ndipo inapokaa, shosti, haiingii humo ndani hata siku moja", anasema Evaline kwa sauti ya mzaha, sauti ya mtu aliyekwisha kusimulia jambo mara nyingi mpaka limekuwa kichekesho, "marehemu baba alisahau yake chumbani, ikakaa humo inakula mionzi miezi mitatu, yeye akala barua ya onyo. Mpaka tunamzika wanamwita Dismasi Msahaulifu. Mimi hawanipati", "Kwa hiyo ukishika watoto, huko Arusha hawajui?", "Wanajua nipo salama! Kila robo mwaka sifuri nukta moja, safi kama sahani ya mgeni", "Makubwa! Wewe na beji yako mmetalikiana", na wanacheka, wanacheka vizuri, wanawake wawili gizani wakingoja ufunguo, nami ukuta uko mbele yangu na kicheko kinanipiga kwenye mbavu za nyuma...

hakusahau... ilikuwa hospitali ndogo ya mwambao wa kusini, nilifika kwa boti nikiwa nimekifunga kipimo changu cha mionzi ndani ya mifuko miwili ya nailoni, kilichonipeleka ni namba moja tu ya beji, tisa nukta nne, milisiveti tisa nukta nne ndani ya miezi mitatu kwa mtumishi ambaye wenzake wanapata sifuri nukta mbili, nikamkuta Dismasi chumbani, shati limepigwa pasi, beji kifuani, nikamuuliza kama aliwahi kuiacha ndani mashine ikifanya kazi, akaigonga kwa kidole, "Mkaguzi, hii inalala nami. Watoto wa kichomi wamekuwa wengi, na mtoto hawezi kushikwa na hewa", nikamuuliza mama zao, "Mama zao ni wajawazito, wengine wakiisikia mashine inanguruma wanakimbia mpaka ziwani", na kifaa cha kubana mwale kilikuwa kimevunjika, mwale ulimwagika chumba kizima, kwa hiyo nikafanya nilichofunzwa, nikaweka dumu la maji mahali pa mtoto, nikaweka kipimo mahali pa Dismasi, mikrosiveti kumi na tano kwa picha moja, jioni nikafungua daftari la wagonjwa nikahesabu watoto wote wa robo ile mmoja mmoja, sikuruka, mia sita ishirini na saba, zidisha kwa kumi na tano, elfu tisa mia nne na tano, gawa kwa elfu kupata milisiveti, tisa nukta nne, zikakubaliana mpaka kwenye nukta, katika maisha yangu yote ya kazi sikupata tena hesabu nzuri kama ile, beji ilisema kweli, na mimi niliyeuthibitisha ukweli huo kwa dumu la maji ndiye niliyeichana karatasi ya hesabu hiyo, kwa sababu niliyoiita ya busara, nikiandika alikuwa nayo kifuani lazima niufunge mlango kwa lakiri siku hiyohiyo, spea ingechukua miezi, na eksirei nyingine ilikuwa siku nzima kwa boti, nikamweleza hivyo, akauma mdomo wake wa chini, akatazama mlango ambao nje yake mama na watoto walikuwa wameketi, kisha akasema, "Basi andika nilisahau. Nina kumbukumbu nzuri, haitapungua kwa karatasi moja"... mpaka hapo uongo ulikuwa wetu wawili, na huo ningeweza kuishi nao... lakini ripoti bila pendekezo isingeaminika, kwa hiyo usiku ule, peke yangu, nikaongeza sentensi, mhusika apewe onyo la maandishi kwa uzembe, maneno saba, sikumwambia, alizisoma habari zake kwenye barua ya mwajiri, na hakunipigia simu wala kuniandikia, miaka kumi na saba hakuniandikia, mpaka kisukari kilipomchukua, kisukari, si mionzi, nilikokotoa hata hilo, dozi ile haimuui mtu, nafasi ni ndogo kuliko tano katika elfu kumi, nilipopata jibu nililala vizuri usiku mmoja, nikatuma rambirambi kwa simu, sikwenda, nilijiambia barabara ni mbovu...

na kumbe hesabu ilikuwa ya kitu kisichohusika, nilikokotoa mwili wake tu, jina lake sikulikokotoa, wala huyu aliyekuwa na miaka mingapi wakati ule, minane, tisa, anayetoka shuleni na kukuta baba amekaa na barua mkononi, akajifunza kwangu, bila kuniona, kwamba beji ikiingia chumbani mtu anaadhibiwa, kwa hiyo ameiacha mezani, amewashika watoto wa watu mwaka baada ya mwaka, na Arusha anakaa mtu mwangalifu kama mimi anasoma sifuri nukta moja, anaridhika, anaweka tiki... dozi yake ni ngapi, sijui, ndiyo namba ya kwanza katika taaluma yangu ambayo haiwezi kupatikana kwa njia yoyote, haikuandikwa popote, nimeifuta mimi kabla haijaandikwa... nitamwambiaje, kwa heshima naomba kukujulisha, hapana, kwa kurejea ripoti yangu ya mwaka ule, hapana, mwanangu, mazingira ya wakati huo yalikuwa, hapana, kila sentensi ninayoijenga ina mlango wa nyuma wa kutokea mimi, na nikisema hatasema tena Mzee wangu, mikono ile yenye joto itanirudishia shati kama anayempa mtu asiyemjua shati lake, nitapanda bajaji nirudi Gungu kwenye nyumba ya vyumba vinne na kikombe kimoja, ndiyo, lakini kwenye nyumba hiyo narudi hata nisiposema...

"Mwinshehe huyooo!", "Umekula samaki wote wa Mwanga ndiyo unarudi?", "Akina dada, taratibu, mimi na jenereta wote tumezeeka", na nje inakohoa, mara mbili, mara tatu, kikohozi kibaya kuliko changu, inashika, ukuta unarudi mbele ya macho yangu, rangi ya krimu, ufa mmoja, mtoto bado analia, na anayefaa kumshika yupo, kanuni inasema asiwe mtumishi, asiwe mjamzito, awe mtu mzima aliyepita umri wa kuzaa, madhara ya mionzi yakija huja baada ya miaka ishirini na mimi miaka ishirini sina, katika jengo hili lote hakuna anayestahili kuliko mimi, nitavaa aproni ya risasi, nitamshika mtoto huyo, nami nitamtaka Evaline achukue beji mezani aibane kifuani hata akiwa nyuma ya ukuta, atauliza kwa nini, hapo ndipo nitakapomwambia... hapana, si baada ya mtoto, nikingoja mtoto nitangoja na mwingine, kabla, kabla sijafunga kifungo cha kwanza, "Haya, Mzee wangu, umevumilia kweli! Kidevu juu. Vuta pumzi...", navuta, bamba halina baridi tena, "shikilia", naishikilia, mashine inaanza kunguruma, hakuna mtu chumbani isipokuwa mimi, na nyuma ya hizi mbavu, kumi na mbili kila upande, zitaonekana zote sasa hivi kwenye kioo chake, yako maneno ambayo picha haitayaonyesha, nimeyahesabu, matatu, baba yako hakusahau, baba yako hakusahau, baba yako hakusahau, nangoja tu aniambie nipumue