Maoni Sitini kwa Siku

Kiti cha Mchambuzi kilikuwa kimevunjika mgongo, na mgongo wake mwenyewe ulikuwa umevunjika kabla ya kiti. Kwa hiyo alikaa upande, bega moja ukutani, akaandika akiwa amejipinda kama mtu anayechungulia dirishani. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda mpaka kwenye nguo zao. Watu kumi na wanne, kompyuta kumi na nne, dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe. Ukibanwa, ulimwomba Msimamizi ufunguo wa choo, naye aliandika saa uliyotoka na saa uliyorudi.

Kazi yao ilikuwa kuwa mashabiki. Kila asubuhi waligawiwa karatasi: leo beki fulani asifiwe, refa fulani alaumiwe kwa adabu, filamu fulani ionekane imewaliza watu, mashindano ya gemu ya kampuni fulani yaonekane yalifurika hata kama nusu ya viti vilikuwa tupu. Kila mtu aliandika maoni sitini kwa siku, mtandaoni, kwa majina ya watu wasiokuwepo. Ndani ya kompyuta ya Mchambuzi walikuwemo ishirini: mwanafunzi wa chuo, mama wa watoto watatu, dereva wa lori, mstaafu mwenye hasira. Mstaafu ndiye aliyependwa sana na wasomaji.

Zamani alikuwa mbeba mizigo kwenye ghala la saruji. Siku rundo la mifuko lilipomporomokea, ghala lilimpa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake, na tangu hapo akawa mtu wa kushinda kwenye benchi la kinyozi. Pale alikuwa mfalme, na pale ndipo walipompa jina la Mchambuzi. Alisema kipa ndiye mtu wa mwisho wa kulaumiwa, kwa sababu goli huanza kufungwa dakika tano nyuma, pale ambapo kiungo fulani kaona uvivu kurudi. Waliowacheka wachezaji wa gemu aliwauliza kama wamewahi kufanya kazi ya vidole saa kumi mfululizo bila likizo, maana yeye aliona hao ni vibarua kama vibarua wengine. Filamu zilizomfanya maskini awe tajiri robo saa ya mwisho hakuzitaka hata kuzisikia. Alisema mwandishi kachoka, kamtupia maskini hela ili yeye mwandishi akalale. Watu wasiokuwa na nywele za kunyoa walikuja kwa kinyozi kumsikiliza.

Ndipo mteja mmoja, akiwa na povu bado shingoni, alipomwachia kadi. Mchambuzi akaitwa, akasaini karatasi ya kutunza siri, akapewa kiti. Nyumbani alisema kuwa ameajiriwa na gazeti la michezo. Mkewe aliamini, binti zake wawili waliamini, na aliyeamini kuliko wote ni mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyemtambulisha kila mahali kwa maneno yale yale: huyu kaka yangu, kalamu yake inaogopwa.

Jumamosi moja mdogo wake huyo alimwambia kwamba amejiandikisha kwenye mashindano ya gemu mjini, atakuwa huko kutwa. Mchambuzi alimtakia heri, akamwonya asikimbilie kushambulia mapema, maana ndiyo tabia yake.

Alasiri ya siku hiyo watu walikanyagana kwenye geti la uwanja wa mpira. Jioni redio ilisema wamekufa tisa. Mchambuzi alisikitika kama walivyosikitika wengine. Alimpigia mdogo wake wayazungumze, simu ikawa imezimwa, naye hakujali, kwa kuwa mdogo wake alizoea kuizima akicheza. Asubuhi waliokufa walikuwa wamefika kumi na mmoja, na Msimamizi akawaita kazini wote, Jumapili hiyo hiyo.

Msimamizi alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Hakuwahi kumfokea mtu.

"Klabu ni mteja wetu," alisema. "Mteja akipatwa na msiba tunasimama naye. Watu wameanza kuandika kwamba geti lilifungwa. Hilo tuwaachie wataalamu. Sisi tuzungumzie nidhamu ya mashabiki."

Mtu mmoja wa nyuma akauliza, kwani geti halikufungwa?

"Wewe ulikuwepo?" Msimamizi akamuuliza, kwa upole kabisa.

Hakuwepo. Wakainama, wakaandika. Mchambuzi aliandika kama anavyoandika siku zote, na saa nne sentensi yake bora ya siku ilitoka kwa mstaafu mwenye hasira: Mimi nimekwenda uwanjani miaka thelathini na sijawahi kufika getini nikikimbia. Anayekimbia hakuja kutazama mpira. Kufika saa sita, watu halisi, wenye mama zao na makazi yao, walikuwa wameisambaza mara maelfu. Msimamizi alipita, akamwekea mkono begani, akampa soda.

Soda ilikuwa bado imejaa simu ilipoita kwa namba asiyoijua. Ilikuwa ya muuguzi. Lakini aliyezungumza alikuwa shemeji yake, mke wa mdogo wake, na sauti yake ilikuwa imekauka. Alieleza kwa mfululizo, kama mtu anayesoma. Mdogo wake alitolewa mashindanoni raundi ya kwanza. Akarudi nyumbani amenuna, na yeye mkewe, ili kumchangamsha, akasema twende mpira. Walikuwa na tiketi zao mkononi. Simu zao zilipotelea pale pale. Yeye mkewe amevunjika mkono, na tangu jana amekuwa akizunguka wodi hadi wodi, mpaka asubuhi hii alipoambiwa ajaribu chumba cha maiti.

Mchambuzi akaomba ruhusa. Msimamizi alimpa pole na siku tatu.

Msibani wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki. Mafundi waliofanya kazi na marehemu walikuja na mikono yao yenye makovu ya cheche. Wakawa wanasogeza viti vilivyokwisha kaa vizuri. Katika maongezi ya kupitisha muda, jirani mmoja, mtu mwema aliyekuwa amechota maji tangu alfajiri, akatikisa kichwa akasema kwamba vijana wa siku hizi nao wana papara. Kuna mzee mmoja kaandika jambo la maana sana, akasema. Miaka thelathini anakwenda uwanjani, hajawahi kufika getini akikimbia. Wawili watatu waliafiki kwamba hilo nalo ni neno. Walimgeukia Mchambuzi, mtu wa magazeti, waone atasemaje.

Mchambuzi akasema mgongo unamsumbua, akanyanyuka akaenda nyuma ya nyumba. Huko palikuwa na chuma cha mlango ambacho mdogo wake hakukimaliza, kimeegemezwa ukutani, alama za chaki bado zikionekana pale pa kukata. Alisimama mbele yake mpaka walipomwita kwenda kuzika.

Wiki ya tatu shemeji yake alikuja nyumbani kwake, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni. Kamati ya uchunguzi ilikuwa imetangaza kwamba mwenye maoni ayapeleke kwa maandishi.

"Shemeji," alisema, "mimi kuandika kwangu ni orodha ya dukani tu. Wewe ndiyo kazi yako. Niandikie."

Mchambuzi alitaka kusema neno. Alifungua mdomo, akamwona mkewe mlangoni akimtazama kwa fahari, akaufunga. Akachukua karatasi.

Shemeji yake hakulia. Alisema geti la tatu lilikuwa na mnyororo uliozungushwa mara mbili, na kufuli la rangi ya dhahabu, kubwa kama ngumi. Aliliona kwa sababu uso wake ulisukumwa ukagandamana nalo. Mlinzi mwenye ufunguo alikuwa amepanda ngazi kutazama mpira, na watu walimwita kwa rangi ya shati lake, kwa vile hawakulijua jina lake. Mume wake alikuwa nyuma yake, ameshika chuma kwa mikono miwili kumwachia nafasi ya kupumua. Alimwambia asiogope, hiki chuma chepesi, nikipata upenyo nitakikunja. Baadaye hakusema tena.

"Na uandike hili," alisema. "Wanasema tulikimbia. Hatukukimbia. Tulisimama tu. Mahali pa kukimbilia palikuwa wapi?"

Kalamu ya Mchambuzi ilisimama. Kisha akaliandika hilo, na mengine yote, na alipomsomea, shemeji yake alisema ndivyo ilivyokuwa. Aliandika vizuri kuliko alivyowahi kuandika maishani mwake. Hakuongeza chumvi, hakupunguza. Jina chini ya barua lilikuwa la mtu aliyekuwepo.

Binti yake mkubwa aliipiga picha ile barua, akaiweka mtandaoni kabla haijapelekwa kwa kamati. Watu waliisoma mpaka ikasomwa redioni. Mashabiki wa timu pinzani waliiweka kwenye kurasa zao. Wacheza gemu walioshindana na marehemu siku ile waliandika kwamba wanamkumbuka, alifungwa mapema, akacheka, akawapa mkono wote. Kwa siku mbili Mchambuzi alitembea akiwa na kitu kifuani ambacho hakujua akiite furaha au homa.

Jumatatu Msimamizi alimwita kwenye meza yake. Barua ilikuwa pale, imechapishwa, imepigwa mistari ya wino mwekundu.

"Umeiona hii?"

"Nimeiona."

"Inasomwa sana. Klabu wamepiga simu mara tatu." Aligeuza karatasi. "Mimi kinachonishangaza ni uandishi. Huyu ni mke wa fundi vyuma. Soma hapa, na hapa. Huyu mama hajaandika mwenyewe. Kaandikiwa na mtu anayejua. Nataka tuanzie hapo. Nani kamwandikia? Analipwa na nani? Kamati ikiona ni barua ya kupangwa, basi."

Mchambuzi alitazama mistari myekundu. Ilikuwa imepita chini ya sentensi alizozipenda kuliko zote.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Aliyekufa ni mdogo wangu."

Msimamizi aliiweka karatasi chini. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Macho yake yalilowa kweli kweli, wala hakuwa anaigiza.

"Pole sana, kaka. Sikujua kama ndiyo msiba ule." Alimsogezea kikombe cha maji. Akasubiri anywe. Kisha akasema, "Mimi siwezi kukulazimisha. Lakini itaandikwa tu, kama si na wewe ni na hawa wengine, na hawa hawamjui. Watamvua nguo. Wewe utajua pa kuishia. Na ile familia sasa inakutegemea wewe, au nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Mchambuzi alijaribu kukumbuka ghala la saruji, kama angeweza kurudi, na mgongo ukamjibu kabla hajamaliza kuwaza.

Alirudi kwenye kiti chake. Akakaa upande, bega ukutani. Wenzake kumi na watatu walikuwa wameinama, vidole vikigonga bila kupumzika. Kwenye orodha ya majina yake alimpita mwanafunzi, akampita dereva wa lori, akampita mstaafu mwenye hasira. Akafungua jina jipya, la mwanamke, akalitafutia picha ya mama mmoja mnene anayetabasamu. Akakaa muda mrefu bila kugusa kitu, mpaka Msimamizi alipoinua uso mezani kwake.

Akaandika: Mimi nilikuwepo pale geti la tatu siku ile, na mlango ulikuwa wazi.

Aliisoma. Ilikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa imenyooka mno, ya mtu anayejua kuandika. Akarudi nyuma, herufi kwa herufi, akaharibu maneno mawili ili ionekane ni ya mtu wa kawaida, na akaituma.