Sahani Zenye Ukingo wa Dhahabu

Ile oveni tulipewa kwa majaribio ya mwezi mmoja, na siku hiyo fundi alikuwa anakuja kuikagua. Akikuta alama ya kuungua ndani, anaibeba. Tajiri wa mgahawa alishaniambia wazi: oveni ikiondoka, mimi Saodat nami nikatafute kazi kwingine. Treni ya Samarkand husimama stesheni yetu dakika tano tu. Bila oveni ya haraka hatuuzi kitu.

Oveni ile ina mawimbi ya maikrowevu, na juu yake upepo wa moto mkali. Plastiki inayovumilia maikrowevu ya nyumbani, humo inayeyuka. Sinia la bati linalofaa oveni ya kawaida, humo linaweza kutoa cheche. Kwa hiyo nilikuwa na vyombo vinne tu vya udongo mweupe, visivyo na hata ua, na kingine sikukiruhusu kipite mlangoni.

Sasa nani akaingia jikoni? Mama mkwe wangu, Hosiyat, na furushi kifuani. Akalifungua: sahani zake za harusi, za buluu zenye maua ya pamba, ukingo umezungushiwa dhahabu.

"Mgeni hali kwenye bakuli la hospitali," alisema. "Pasha sambusa kwenye hizi."

"Mama, dhahabu hiyo itatoa cheche humo ndani. Nitapasha kwenye changu, kisha nizihamishie kwenye zako."

"Uzihamishe zipasuke, zichuruzike mafuta mbele ya mgeni? Sahani hizi zina miaka thelathini, hazijamchoma mtu. Wewe una miaka mingapi nyumbani kwangu?"

Sita. Na kwa miaka hiyo yote sijawahi kumjibu mbele ya mgeni. Kwetu mke wa mwana hathubutu. Na fundi Rahmatilla alikuwa ameshakaa, hatua tatu kutoka kwetu, anakunja mikono ya shati.

Nikageuka kummiminia fundi chai. Nikamwekea mafunda mawili tu kwenye bakuli la chai, ndiyo heshima kwetu. Bakuli likijazwa pomoni, mgeni anajua anafukuzwa. Nyuma yangu nikasikia mlango wa oveni ukifungwa. Mama alikuwa ameingiza sahani yake, na kidole kinaelekea kwenye kitufe.

"Mama, acha! Toa mkono!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hata wauza mikate nje waligeuka. Mama akarudisha mkono taratibu. Rahmatilla akainuka, akaitoa sahani, akapitisha kidole kwenye dhahabu.

"Wiki iliyopita niliondoa oveni mahali fulani," alisema. "Mpishi alikuwa anajua. Aliona haya kumkatalia mkubwa wake."

Akachungulia ndani, akatia saini oveni ibaki. Mama akafunga furushi lake.

Jioni nilimkuta nyumbani amekaa mbele ya birika. Akanimiminia chai mwenyewe. Akamimina, akamimina, mpaka ikafurika na kulowesha kitambaa cha meza. Nilijua maana yake.

Nikainywa yote, ya moto vile vile, nikamnyooshea bakuli tena.

Akalipokea. Safari hii akamimina mafunda mawili tu.