Kifungo Mdomoni mwa Dhahabu

Mjukuu wangu Dhahabu alikuwa akilala mdomo wazi, akitembea mdomo wazi, hata chuoni, kwenye Kurani, akimsikiliza mwalimu mdomo wazi. Nilichukulia kwamba ndivyo Mungu alivyomuumba. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, na akilala mchana alikoroma mpaka wapangaji wangu wakaulizana ni mzee gani amelala humo chumbani. Mwalimu wa shule alituma ujumbe kwamba mtoto anasinzia darasani. Nilimrudishia jibu kwamba mtoto akisinzia, anayesomesha ajiangalie. Kwa mambo madogo mimi ni mwepesi wa kusema, mazito ndiyo hunishinda.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, hapa hapa Shika Adabu, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Mimi, mwanangu Bakari na bintiye Dhahabu tulikaa vyumba viwili vya mbele, vya nyuma nilipangisha. Mamake Dhahabu alikuwa ameachana na Bakari na kuolewa Vanga. Chumba kilicho karibu na kisima alikaa Jael, mwanamke wa bara wa miaka thelathini hivi, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo ya feri, mjini, katika kliniki ya meno. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vyombo na kumsaidia daktari. Alipohamia kwangu alinisalimu "habari" kavu kavu kama anayezungumza na konda, lakini kabla mwezi haujaisha alikuwa akinipigia shikamoo mpaka nachoka kuitikia. Kwa miaka mitatu, kila Ramadhani, alikula futari kwenye sinia langu, yeye Mkristo, na mimi ndiye niliyemsuka nywele. Nilimpenda yule mwanamke, nisiseme uongo.

Jumanne moja alasiri nilikuwa jikoni nataka mbuzi ya kukunia nazi. Nikaita, "Dhahabu!" Kwetu mtoto akiitwa huitika "abee" hata kabla hajajua anaitiwa nini. Nikaita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikatoka mwenyewe, mori umenipanda, nikamkuta amesimama ukutani nyuma ya kisima. Midomo ameikaza, macho amenitolea, na katikati ya midomo ile unaning'inia uzi mwekundu.

Niliushika uzi nikauvuta. Mtoto akazidi kukaza midomo, haachi. Nilipovuta kwa nguvu kikatoka kifungo cheupe, kikubwa, cha koti, kimefungwa kwenye ule uzi.

"Kakupa nani hiki?"

"Anti Jael."

"Kakwambiaje?"

"Kaniambia nikitie ndani ya midomo, nisifungue mdomo, hata nikiitwa."

Nilikaa kwenye ukingo wa kisima. Huku kwetu nimesikia tangu utoto wangu kwamba mtu akitaka kumfunga mwenziwe mdomo hutumia uzi, akapiga fundo na kutaja jina. Na sasa nilikumbuka kwamba kwa wiki tatu hivi Dhahabu alikuwa ameanza kutembea mdomo umefumbwa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo na kulifurahia, nikidhani mtoto anakua. Kumbe nilikuwa nikifurahia balaa! Lakini Jael? Jael na Dhahabu wana ugomvi gani? Nililigeuza jambo hili kila upande, sikuelewa mbele wala nyuma.

Mtaniuliza kwa nini sikumwuliza mwenyewe. Kumwuliza mtu kama ni mchawi si jambo la mtu mwenye adabu. Ukikosea umemvua nguo hadharani, na ukipatia umejitafutia makubwa. Nilikifunga kile kifungo kwenye kitambaa pamoja na chumvi, nikateremka hadi Shelly Beach, nikakitupa majini na kurudi bila kugeuka nyuma. Dhahabu nilimwambia, akiulizwa, aseme kimepotea.

Jael aliporudi kazini nilimwita barazani.

"Jael, mwanangu, nakiomba kile chumba. Kuna mgeni wangu anatoka Lunga Lunga, mgonjwa, hana pa kukaa. Jumapili hivi."

Alishtuka. "Mama, nimekosea nini?"

"Hujakosa kitu, wallahi."

Niliapa hivyo hivyo, na uso mkavu. Bakari naye nilimpa habari ya mgeni huyo huyo. Alikuwa anakimbilia zamu yake bandarini, akakunja uso tu na kwenda zake.

Siku zilizofuata ndizo zilizonivuruga kichwa. Jael aliendelea kufagia ua kila asubuhi kama kawaida yake. Siku ya Alhamisi alikuja na chokaa kwenye ndoo, akaniomba ruhusa apake kuta za chumba, mgeni wangu mgonjwa asikute uchafu. Mchawi gani huyu? Na Dhahabu, badala ya kupata nafuu baada ya mimi kutupa kile kitu baharini, alirudi pale pale. Mdomo ukawa wazi tena, mkoromo ukarudi, na asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyepakua magunia. Nilitaka kumwuliza mtu, lakini ningemwuliza nani bila kutaja jina?

Jumapili asubuhi Ruwa, mwenye mkokoteni, alikuja kumbebea Jael vitu vyake. Alikuwa amepata chumba Changamwe. Godoro, jiko na sanduku vilipokwisha kupangwa, Jael alikuja barazani kuniaga. Alipiga shikamoo, kisha akafungua mkono. Ndani yake mlikuwa na kifungo, na uzi mpya.

"Dhahabu ameniambia kile kingine kimepotea," alisema. "Huyu mtoto hapumui vizuri, Mama. Misuli ya midomo na ulimi imelegea, ndiyo maana mdomo unabaki wazi na usingizi wake ni wa shida. Daktari wetu alimchunguza pua akakuta haina kitu, akasema afanyishwe mazoezi. Anaweka kifungo nyuma ya midomo, mbele ya meno. Wewe unavuta uzi taratibu, yeye anashikilia kwa midomo, anapumua kwa pua. Ushike uzi wewe mwenyewe, kisije kikamwingia kooni. Akimaliza anabandika ulimi juu, kwenye kaakaa, anahesabu mpaka ishirini. Kifungo ukioshe kwa maji moto. Usiache, Mama, alikuwa ameanza kupona."

Nilikiangalia kile kifungo mkononi mwake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia baba yake. Nilisikia kwenu jambo la mtoto huanzia kwa baba. Yeye ndiye aliyemleta kliniki. Akasema atakueleza."

Bakari alikuwa ndani anakunywa chai. Nilimwita, nikamwuliza mbele ya Jael kama ni kweli. Akajikuna kichwa. "Kwani sikukwambia, Mama?"

Ningekuwa na mwiko karibu ningempiga nao, mtu mzima vile vile. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Ruwa alikuwa ameshainua mikono ya mkokoteni. Nikaona nisiposema sasa, yule mwanamke anakwenda zake, na mimi ndiye niliyemtoa.

"Usiende, Jael."

"Na mgeni wako?"

"Hakuna mgeni."

Alinitazama. Hakuelewa, na mimi nilitamani aendelee kutoelewa. "Basi chumba ulikitakia nini?"

Hapo hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Nilimwambia yote: uzi, kifungo, chumvi, bahari. Nilimwambia nilidhani amemfunga mtoto. Neno lenyewe la uchawi sikulitamka, lakini halikuhitaji kutamkwa. Mwanzo alicheka kidogo, akidhani namtania kama tulivyozoea kutaniana. Aliponiona sicheki, uso wake ulibadilika. Alikaa juu ya sanduku lake, pale pale kwenye mkokoteni, Ruwa amesimama hajui aweke chini au aondoke.

"Mimi, Mama? Kwa Dhahabu?"

"Nisamehe, mwanangu. Nilichanganyikiwa."

"Miaka mitatu nimekula kwa mkono wako," alisema taratibu, akijifuta macho kwa kilemba. "Siku hizi zote nilikuwa najiuliza kosa langu. Nikajiambia hapana, Mama ana mgonjwa, ni shida tu imemkuta. Nikapaka chokaa kwa moyo mweupe. Ungeniacha niende nikiamini huyo mgeni wako."

Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema kusema au ningekaa kimya. Nilidhani ukweli ungemrudisha ndani, kumbe ndio uliomfungisha safari. Nilimwomba tena, na Bakari naye akaomba, ameinamisha kichwa. Jael alitikisa kichwa tu. Alishuka, akamwita Dhahabu, naye akaitika "abee" akaja mbio. Akamwekea kifungo nyuma ya midomo na kuushika uzi. Akavuta. Mtoto akashikilia, akipumua kwa pua, macho yakicheka. Walifanya hivyo mara kumi, na sisi wengine tumesimama tunatazama.

"Vizuri sana," Jael alimwambia. Kisha akamgeukia Bakari. "Kila Jumamosi mlete kwangu Changamwe nimwangalie. Nitakuelekeza nyumba."

"Nitamleta mimi," nilidakia haraka. "Mimi ndiye nikaaye naye."

Jael alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima yote niliyomfundisha mwenyewe.

"Hapana, Mama, usijisumbue. Feri ina msongamano, na kule kuna ngazi nyingi. Magoti yako hayo."

Magoti yangu hayakuwa na ubaya wowote, na sote wawili tulijua.