Bomba Moja, Mashamba Mawili

Msimu ule Fransiska alinunua bomba la kupulizia dawa mara mbili. La kwanza lilikatika mpini kabla hajamaliza shamba la viazi. La pili lilipasuka tangi, dawa ikamtiririkia mumewe, Tadei, mgongoni hadi kiunoni. Tadei alioga kwa sabuni mara mbili, lakini ngozi ilimwasha wiki nzima, akawa analala kifudifudi.

Fransiska akalibeba hilo lililopasuka hadi mjini Dongobesh, dukani kwa mzee Bonaventura aliyemuuzia yote mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Limefanya nini tena?"

Akamwonyesha ufa. Mzee hakubisha. Aliupapasa kwa kidole, akashusha pumzi.

"Haya ndiyo yanayoletwa toka nje siku hizi. Plastiki kama karatasi."

"Mazuri hakuna?"

Mzee akaonyesha rafu ya juu, yalikokaa matatu yenye vumbi. "Yapo toka mwaka juzi. Bei yake mara nne ya hili. Watu wanayashika, wanayasifu, halafu wanachukua la bei ndogo. Nisipoyaleta ya bei ndogo, wataenda duka la jirani."

"Hatupendi vibovu, mzee. Tunanunua tunachoweza."

"Najua, mama."

Fransiska alikuwa amekuja kugomba, lakini uso wa mzee ulikuwa umechoka kama wake, akatoka. Alikaa kwenye benchi nje ya duka, akampigia jirani yake Ernestina, ambaye bomba lake nalo lilikuwa linavuja.

"Tununue moja zuri, sisi wawili," alisema.

Ernestina alifikiri kidogo, akakubali, akatuma nusu yake ya pesa kwa simu. Jioni bomba lilifika nyumbani. Lilikuwa zito, na halikuvuja hata tone.

Kisha mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano jua lilipotoka, majani ya viazi yalikuwa na madoa meusi ya ukungu kwa wote wawili, na bomba lilikuwa moja. Ernestina alifika asubuhi na mapema, macho mekundu.

"Kwangu kumeharibika zaidi, dada."

Fransiska alimpa. Lilirudi saa tisa alasiri, mawingu yakiwa yameshajikusanya. Alipulizia nusu ya shamba, mvua ikashuka, ikaosha dawa yote.

Wakati wa kuvuna, mashina mengi upande wa juu yalitoa viazi vilivyooza. Fransiska na Tadei walichimba, wakitupa vibovu pembeni. Mchana Ernestina akaja na ndoo ya viazi vizuri kutoka kwake.

"Vya mbegu," alisema, akiitua ndoo. "Ningekuachia wewe kwanza siku ile..."

"Vingeoza vya kwako."

Fransiska alitaka kumshukuru vizuri zaidi, lakini nguvu hakuwa nazo. Alifuta udongo mikononi, akammiminia chai, akamsogezea gunia tupu akalie.