Mlio wa Hewa

Lilikuwa jeraha dogo tu pajani, la jiwe, alilolipata mjukuu wangu Nchagwa machimboni Kerende. Tukalifunga kwa kipande cha kanga. Siku mbili hazikupita, paja likavimba na kuwa jeusi, na harufu yake ikatutoa nyumbani. Madaktari wakakata nyama iliyokufa, ugonjwa ukazidi kupanda. Wakasema tumvushe mpaka wa Kenya pale Sirari, Nairobi kuna mashine ya hewa: mtu anafungiwa ndani, anavuta oksijeni yenye msukumo mkubwa, na nyama iliyobaki inapata nguvu ya kupigana. Bila hiyo, mguu utakatwa mpaka nyongani, na huenda wasimuwahi.

Mashine yenyewe ni bomba la chuma na kioo. Unalala ndani kama njiti kwenye kiberiti. Nchagwa alipoiona akang'ang'ania kitanda.

"Siingii."

"Mura, kijana wangu, usinichoshe. Nimekaa kwenye basi mpaka miguu imejaa."

"Bibi, Waitara ananingoja humo."

Mwaka juzi rafiki yake Waitara alikuwa chini kwenye shimo la dhahabu, Nchagwa yuko juu anasimamia mashine ya kumpulizia hewa. Petroli ikaisha. Akakimbia kutafuta nyingine. Aliporudi, kamba ambayo Waitara huivuta kutoa ishara haikuvutwa tena. Tangu hapo mtu akigonga mlango, Nchagwa anaruka, anadhani ni Waitara anagonga kutoka shimoni.

Nesi Gladys alimbembeleza, akamwonyesha mpaka vitufe. Wapi! Ndipo nikampigia Salome, mama yake Waitara. Hatukuwa tumesalimiana tangu msiba. Nikamweleza yote.

"Nakuja," akasema.

Alifika kesho yake, na kitenge kile kile alichovaa kwenye mazishi ya mwanawe. Nchagwa akamwamkia, hakuitikia.

"Ingia. Nitakaa mimi hapa kwenye mashine."

Nchagwa alimtazama sana, kisha akaachia kitanda, kama mtu anayekwenda kulipa deni.

Gladys akampangusa mafuta niliyompaka asubuhi. "Shosho, mafuta na hii hewa ni moto. Unataka tulipuke?" Akamvika gauni la pamba, akafunga mlango. Hewa ikaanza kuingia, shiii, shiii. Salome akashtuka. Yeye huuza uji machimboni. Mlio wa kupulizia watu hewa anaujua.

"Nikiizima hii?" akamuuliza Gladys.

Gladys akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, usiguse. Hewa hiyo huteremshwa polepole, ukiizima ghafla unamuua."

Mkono wa Salome ulikuwa juu ya meza, karibu kabisa na vitufe. Nilitaka kuushika, nikaogopa. Ndani, Nchagwa alikuwa amemkazia macho. Akainua kidole, akagonga kioo. Ko, ko.

"Waitara," Salome akaita, kwa sauti ndogo sana.

Mkono ukatoka mezani, ukaenda kwenye kioo, ukagonga. Nchagwa akafumba macho. Kifua chake kikapanda, kikashuka.

"Mtu asizime," Salome akatuambia. "Mmenisikia? Mtu yeyote asizime."

Kila siku Nchagwa alipoingizwa, Salome alikuwa pale, huyu anagonga, huyu anajibu. Paja likaanza kuwa na nyama nyekundu, mguu ukapona. Ila ile siku ya mwisho nilichungulia kioo: Nchagwa alikuwa amelala fofofo, mikono kifuani, haigongi kitu. Na Salome, sikio kwenye chuma, alikuwa bado anajibu.